Mkwaruzo wa Wengine

Jumapili, Kibuye, nyuma ya safu za mitumba,
Lamek ametandaza gunia, na juu ya gunia santuri
zimesimama wima kama sahani kwenye kabati.
Mwaka juzi aliniuzia chaja. Mwaka jana, kava za simu.
"Watu wamezirudia hizi," asema.
"Jana vijana wa Milimani wamebeba kumi na mbili,
hawakuuliza hata kama zinalia."

Nachutama, napekua.
Vumbi lanipanda puani, la karatasi na la mende,
harufu ya sebule yetu kule Manyatta
kabla umeme haujafika,
betri ya gari chini ya meza, tukikatazwa kuigusa.

Zetu ziliishaje? Usiulize kwa sauti.
Kaseti zilipoingia mjini
Mama Dorsila alizitia maji ya moto
zikalegea, zikajikunja kingo kama sketi,
akapanda maua humo; tundu la katikati likachuja maji.
Santuri ishirini na moja, vyungu ishirini na moja.
Baba alirudi kutoka Miwani mwisho wa mwezi,
akasimama barazani, akavihesabu,
akasema tu, "Yamechanua."

Ilinusurika moja, iliyosahauliwa ndani ya mashine,
nayo ilikuwa na mkwaruzo.
Ubeti wa pili, mwimbaji akifika penye *abiro*,
yaani naja,
sindano ilikwama:
*abiro, abiro, abiro,*
anakuja usiku kucha bila kufika,
hadi Mama ainuke na kidole chake kidogo
amsukume aingie ndani.
Ndivyo tulivyoujua wimbo.
Abuto, ndugu yangu, aliuimba hivyo shuleni,
pamoja na kukwama kwake, akachapwa.

Kwenye simu yangu upo pia. Bure.
Nilimchezea Mama siku moja: laini, umeoshwa,
*abiro* mara moja tu, na mtu kashafika.
Akanirudishia simu.
"Huyu ni mwingine."

Na leo, kati ya kwaya na hotuba,
naiona: lebo ya kijani iliyopauka, nambari ileile,
na kwa kalamu ya wino, herufi kubwa:
MALI YA J. WANDERA. USIAZIME.
"Elfu mbili."
"Lamek! Hii?"
"Na ina mikwaruzo," asema,
kana kwamba mikwaruzo ndiyo inayouzwa.

Mashine ni ya Abuto, mpya, nyepesi kama sahani ya pikiniki.
Mama ataka tuweke senti juu ya mkono wa sindano
kama zamani. Nani ana senti?
Anafungua fundo la leso, anatoa shilingi kumi.
Kwanza mlio wa omena kwenye mafuta ya moto.
Kisha gitaa.

Ubeti wa kwanza umekwisha, Mama anainuka mapema,
maana magoti yake siku hizi yanataka kuombwa,
anafika mezani, kidole kimetangulia.
*Abiro*
na mwimbaji anapita.
Anapita kama mtu asiyeijua nyumba hii.
Kidole kimebaki hewani.
Abuto anaitazama dari. Mimi nautazama waya.

Halafu, mbele zaidi, gitaa likiwa peke yake,
mahali ambapo sisi hatukuwahi kusimama,
sindano inaruka,
inameza nusu ya mdundo, inaruka tena.
Nanyoosha mkono niinyanyue.
Mama ananipiga kofi dogo kwenye kiganja.

"Iache," asema, kichwa kimeinama upande mmoja.
"Hapa ndipo hawa walipokuwa wakicheza.
Sakafu ya mbao hiyo. Na walikuwa wengi."

Wimbo unakwisha, sahani inaendelea kuzunguka na mlio wake wa omena.
Mama anachukua jalada, analisogeza dirishani,
asoma jina la mwenyewe herufi kwa herufi,
mara mbili.
"Sasa," auliza, "nani aliazima?"